Visu Visilale na Vijiko

Mdogo wangu, umeniandikia kwamba mtoto ameanza kutembea, kila droo anaivuta, na visu vimo humo humo pamoja na vijiko. Vitoe leo hii, uvitengenezee kishikio cha mbao cha kufunga ukutani. Kisha nenda kwa seremala, lakini usinunue ubao mzima. Omba vipande vilivyobaki. Ukipata mninga, shukuru. Paina nayo inafaa, mradi uipige msasa mpaka isichome vidole.

Anza kwa kuvipanga visu mezani. Kile kirefu cha nyama ndicho kinachoamua vipimo, maana ncha yake haitakiwi kuchungulia chini. Kwa majiko mengi, mbao mbili za kama sentimita 40 kwa 25 zinatosha. Baina yake gundisha vibanzi vilivyosimama wima, vinene kidogo kuliko kisu chako, milimita 4 hivi. Kisu kinaingia kwa ncha, mpini unazuia juu. Chini usizibe, maji na uchafu vipate pa kutokea.

Ila kabla ya kugundisha, upunguze ubao wa mbele ili wa nyuma uuzidi sentimita 3 kila upande. Humo ndimo skrubu zitakamopita. La sivyo utamaliza kugundisha, halafu huna pa kukazia.

Sasa ukuta, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Wanapigilia misumari miwili, inashika lipu tu, na lipu ikimomonyoka mzigo wote wa visu uko sakafuni. Azima drili, toboa mpaka uingie kwenye tofali, tia kile kiplastiki cha kushikia skrubu (muuza vifaa anakijua), ndipo ukaze. Usitoboe usawa wa swichi, juu wala chini, nyaya hupita humo. Na kama umepanga, mwambie kwanza mwenye nyumba, asije akakudai lipu siku ya kuhama.

Kipandishe mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda ndoo, mbali na jiko. Mafuta ya kupikia usiyapake kwenye mbao, yatanata na kuvuta vumbi. Wapo wanaopenda ule ukanda wa sumaku unaonasa visu ukutani. Unapendeza, sikatai, ila makali yanabaki nje, na kwenye nyumba ya mtoto mimi siutaki.

Visu virudi vikiwa vikavu. Lile panga la kuvunjia nazi litafutie pake pengine, litakupasulia vibanzi.