Viungo na Mishipa

Soma: Wakolosai 2:19; 1 Samweli 16:7

Paulo anawaambia Wakolosai kwamba mwili wote hushikanishwa kwa viungo na mishipa. Tukifika hapo huwa tunakimbilia umoja wa kanisa. Leo hebu tukae kwenye mwili wenyewe, kwa sababu kuna watu ambao hizo nyuzi za kushikanisha mwili ni dhaifu tangu tumboni mwa mama, na ukiwaangalia wako sawa tu.

Isaiah Austin alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, Marekani. Urefu wake ni mita 2.16. Jicho lake la kulia halioni, jambo ambalo hakulisema hadharani hadi Januari 2014. Juni mwaka huo, siku chache kabla ligi ya NBA ichague wachezaji wapya, vipimo vilionyesha ana ugonjwa wa Marfan. Akaambiwa aache mchezo. Tarehe 26 Juni, katikati ya uchaguzi, kamishna Adam Silver alisimamisha shughuli akaliita jina lake kwa heshima, kana kwamba ligi yenyewe imemchukua. Ukumbi ukasimama.

Angeweza kwenda nyumbani akanyamaza. Badala yake alianzisha shirika na kuanza kuzunguka akifundisha watu kuhusu Marfan. Ni Mkristo asiyeona haya kuitaja imani yake, na imani hiyo haikumzuia kuutaja ugonjwa kwa jina. Mwishoni mwa 2016 daktari alimruhusu kucheza tena, akaenda Serbia, baadaye China na Lebanon. (Tafadhali mtu asichukue hiyo kama ahadi yake. Wengi wenye Marfan hukatazwa michezo mizito, na wanaishi vizuri.)

Sasa, ugonjwa wenyewe ni nini? Jina limetoka kwa Antoine Marfan, daktari Mfaransa aliyeeleza dalili zake mwaka 1896. Hupata karibu mtu 1 kati ya 5,000. Jeni inayotengeneza protini ya fibrilini ina hitilafu, kwa hivyo nyuzi za mwili hulegea. Mtu huwa mrefu na mwembamba, vidole virefu, mikono ikinyooshwa upana wake unapita urefu wake. Kifua kinaweza kubonyea au kuchomoza, mgongo kupinda, lenzi ya jicho kuhama. Lakini si kila mrefu ni mgonjwa! Hatari kubwa imejificha: mshipa mkuu unaotoa damu moyoni hutanuka polepole, na siku moja unaweza kupasuka.

Samweli alimwona Eliabu, akavutwa na urefu wake. Nasi tukiona mtoto mrefu, neno la kwanza ni “huyu ni wa voliboli.” Flo Hyman wa Marekani alikuwa wa voliboli kweli, medali ya fedha ya Olimpiki 1984. Januari 1986 alianguka pale kando ya uwanja, mechi ikiendelea huko Japani, akafa akiwa na miaka 31. Uchunguzi wa maiti ndio uliofichua Marfan. Familia ikapimwa, ndugu yake akapatikana nao, akafanyiwa upasuaji mapema.

Hapa kwetu kijana akianguka hivyo, kabla ya mazishi tumeshasema ni mkono wa mtu. Na uchunguzi wa maiti tunaukataa, ati ni kumsumbua marehemu. Lakini mzazi mwenye Marfan ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumpitishia kila mtoto. Walio hai ndio wanaohitaji jibu hilo.

Kama kwenu kuna dalili kadhaa pamoja, au kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana, mwambie daktari wazi na uombe picha ya moyo ile ya mawimbi ya sauti. Haikatwi ngozi, haina maumivu. Mshipa ukipatikana umetanuka, kuna dawa za kupunguza kasi ya moyo na presha, na upasuaji kabla haujapasuka. Anayetumia dawa hizo asiambiwe na yeyote kwenye ushirika azitupe ili athibitishe uponyaji.

Na mtu wa namna hii akishikwa ghafla na maumivu makali ya kifua yanayochana hadi mgongoni, hata kama ni katikati ya ibada, tafuteni gari kwanza. Tutamwombea tukiwa njiani.