Usichanganye Kabari
Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu anka za kebo za madaraja na kipimo cha uchovu wa chuma

Kwa nini tumeandika

Malalamiko yametufikia sisi wakaguzi kwa wingi, na yana sura mbili. Makandarasi wanasema tunawachelewesha: mzigo wa anka, yaani vifaa vinavyokamata miisho ya kebo, umefika na cheti chake, wa nini kukaguliwa tena? Wananchi nao wanasema daraja limekaa wiki nzima bila nyundo kulia, kwa hiyo lazima kuna mtu anasubiri bahasha. Tumesikia. Mtu aliyezoea kuzungushwa maofisini ana haki ya kuishuku kila ofisi, hata yetu.

Hata hivyo, kuanzia sasa utaratibu ni mmoja na hautapindishwa kwa simu ya mtu yeyote: anka haikazwi darajani mpaka karatasi zake zilingane na chuma kilichomo sandukuni. Kurasa hizi zinaeleza sababu. Kama una nafasi ya kusoma sehemu moja tu, soma ya nne.

1. Kebo iliyojificha ndani ya zege

Zege hustahimili sana kukandamizwa, lakini likivutwa hupasuka mapema. Mfaransa Eugène Freyssinet aliliona hilo, na mwaka 1928 akapata hataza ya njia ya kulibana zege kwa nyaya zilizokazwa kabla halijabebeshwa mzigo. Mwaka 1939 akaleta anka yake ya koni, na ujenzi wa madaraja ukabadilika.

Fikiria mzigo wa kuni. Kijiti kimoja kimoja hakina lolote, lakini ukikaza kamba vizuri, kuni zote zinakuwa kitu kimoja na mama anazibeba kichwani hadi nyumbani. Daraja la zege la kebo hujengwa kwa akili hiyohiyo. Mabomba hulazwa ndani ya zege. Likishakomaa, kamba za chuma hupitishwa humo, jeki ya haidroliki huzivuta, kabari huingia kwenye matundu yake na kuzibana, kisha jeki huachia. Kamba zinataka kurudi zilikotoka, kabari zinakataa. Huko kukataa ndiko kunakolishika daraja.

Kamba moja inayotumika sana ina nyuzi saba: sita zimesokotwa kuuzunguka mmoja. Unene wake ni milimita 15.7, kama kidole cha mtu mzima, na hukatika inapofikishwa kilonyutoni 279, yaani tani 28 hivi. Anka ya kamba 19, basi, hushika kebo ambayo haikatiki mpaka ivutwe kwa zaidi ya tani 500. Kifaa chenyewe ni bamba la chuma, kichwa chenye matundu, na kabari 19 ambazo kila moja inaenea kiganjani.

Katika madaraja mengi kebo hizo hazionekani kabisa. Katika mengine, kama Daraja la Nyerere la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016 na Daraja la Tanzanite la mwaka 2022, sehemu ya kebo iko nje, imepanda hadi kwenye minara. Ziwe ndani au nje, miisho ya kebo zote hukamatwa na anka.

2. Chuma huchoka

Muulize fundi baiskeli yeyote anayewahudumia wabeba mkaa. Atakwambia spoku haikatiki katikati. Hukatika shingoni, pale inapopinda kuingia kwenye habu. Tena haikatiki siku ya gunia tatu. Hukatika asubuhi moja baiskeli ikiwa tupu, mwenyewe anakwenda kununua sukari.

Spoku ni waya uliokazwa. Gurudumu likizunguka, kila spoku hulegea kidogo na kukaza kidogo, mzunguko baada ya mzunguko. Hakuna siku mzigo ulifikia nguvu ya kuikata kwa mara moja. Kilichoikata ni kurudiwarudiwa, na imekatikia pale iliposhikwa. Huo ndio uchovu wa chuma. Si jambo jipya: katika karne ya 19 mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alithibitisha kwa vipimo kwamba chuma kinaweza kuvunjwa na mzigo mdogo kuliko nguvu yake, mradi urudiwe mara nyingi vya kutosha.

Sasa tazama ndani ya anka. Kabari ina meno. Meno hayo huuma nyuzi za kamba, na kila jino huacha alama. Nyuzi husuguana zenyewe kwa zenyewe na kusuguana na kabari. Kamba nazo hutawanyika kidogo ili kila moja iingie kwenye tundu lake, kwa hiyo zinafika zikiwa zimepinda. Alama, msuguano na mpindo vyote vimekutana mahali pamoja. Ile ndiyo shingo ya spoku. Lori likipita juu, mvuto hupanda kidogo na kushuka kidogo. Lori moja halifanyi kitu, lakini daraja linalopitiwa na malori 500 kwa siku hufikisha mapito milioni mbili katika miaka 11.

3. Kipimo kinavyofanyika

Vipimo vikubwa ni viwili, na watu wengi wanakijua kimoja tu.

Cha kwanza ni cha kuvuta hadi mwisho. Kebo nzima pamoja na anka zake hufungwa kwenye fremu ya chuma na kuvutwa mpaka ishindwe. Taratibu za Ulaya, zinazofuatwa na watengenezaji wengi, hutaka anka ifikishe angalau asilimia 95 ya nguvu halisi ya kamba, na kamba zirefuke angalau asilimia 2 kabla ya kukatika. Kipimo hiki kinapendwa kwa sababu kinaisha siku hiyohiyo na kina kishindo.

Cha pili ni cha uchovu. Hakina kishindo, na ndicho kinachorukwa. Kebo huvutwa hadi asilimia 65 ya nguvu yake, kisha mvuto hushushwa na kupandishwa kwa tofauti ya megapaskali 80, mara milioni mbili. Kwa anka ya kamba 19, mashine inapanda na kushuka kati ya tani 328 na tani 351 hivi. Ikipiga mara tano kwa sekunde, itachukua saa 111, yaani siku nne na saa kumi na tano, usiku na mchana.

Mtu akiingia maabara siku ya tatu haoni kitu cha kusimulia. Kuna mvumo wa pampu, kuna namba zinazopanda kwenye kioo, kuna mtumishi mwenye daftari. Pengine unasikika mlio mkali mmoja, kama kikombe cha bati kilichoangukia sakafu. Ni uzi umekatika ndani ya anka. Mtumishi anaandika namba ya mzunguko na saa. Kamba 19 zina nyuzi 133, na mwisho wa kipimo upungufu wa chuma usizidi asilimia 5, yaani nyuzi sita hivi. Zaidi ya hapo mfumo umeanguka mtihani, hata kama mtengenezaji ni rafiki wa nani.

Kebo za nje zinazopanda minarani hupimwa kwa ukali zaidi, kwa sababu zinabeba mtikisiko wote wa magari na upepo bila msaada wa zege. Zenyewe hupimwa kwa tofauti ya megapaskali 200, juu yake ikiwa asilimia 45 ya nguvu, mara milioni mbili vilevile, tena anka ikiwa imeinamishwa kidogo makusudi. Baada ya hapo huvutwa tena hadi mwisho, ionekane zimebakiwa na nini.

4. ONYO: usichanganye kabari

Hapa ndipo tunapowaomba msome polepole.

Cheti cha uchovu si cha kabari wala si cha kichwa cha anka. Ni cha mfumo mzima: kabari hii, ndani ya tundu hili, ikiuma kamba ya unene huu. Ukibadilisha kimoja, cheti kimekufa. Karatasi iko mkononi, lakini kitu ilichokithibitisha hakiko darajani.

Tumefika kwenye kazi tukakuta ndoo ya rangi imejaa kabari. Nusu zina alama ya mtengenezaji mmoja, nusu za mwingine, na chache zimeoza kutu hadi alama haisomeki. Tulipouliza, fundi alijibu kwa uaminifu kabisa: "Mzee, zote zinaingia." Ni kweli, zote zinaingia. Hilo ndilo linalotutisha.

Mteremko wa kabari ukitofautiana kidogo na wa tundu, kabari haikai mwili mzima. Itabana nchani tu au mkiani tu, na nguvu yote itakusanyika kwenye meno machache yatakayozama ndani ya uzi. Kabari ngumu mno hukata, laini mno meno yake hulala na kamba ikateleza. Kabari iliyothibitishwa kwa kamba ya milimita 15.2 tu si ya kamba ya 15.7, ingawa tofauti ni nusu milimita na macho hayaioni.

Na ukivuta kamba mara moja, kabari zitashika. Jeki itasoma vizuri, mhandisi atatia saini, mgeni rasmi atakata utepe. Mchanganyiko mbaya hauonekani siku ya kukaza. Huonekana baada ya mapito mengi, wakati aliyezichanganya amekwishahamia mradi mwingine.

Turudie, kwa sababu tunajua mazoea:

- Usichanganye kabari za watengenezaji wawili, hata zikifanana kama mapacha.
- Usichanganye kabari za unene tofauti wa kamba.
- Usitumie tena, kwenye kazi ya kudumu, kabari iliyokwisha kukaza kamba. Meno yake yameshauma.
- Usitumie kabari yenye kutu, mchanga au ufa. Ihifadhi kwenye sanduku lake, kavu.
- Usimimine kabari kwenye ndoo. Ndoo haina alama.

Zikikupungukia kabari tatu saa kumi jioni na jeki iko tayari, simamisha kazi. Usiende kuazima kwa jirani.

5. Na usisimame nyuma ya jeki

Hili ni fupi. Kebo inayokazwa imejaa nguvu. Kabari ikiteleza, kamba na jeki hurudi nyuma kwa mwendo ambao binadamu hawezi kuukwepa. Kaa ubavuni. Weka kizuizi. Asiyehusika aondoke, hata kama ni bosi amekuja kupiga picha.

6. Nani anahusika

Utaratibu huu unamhusu mkandarasi yeyote anayekaza kebo kwenye daraja la barabara au la reli, na muuzaji wake. Karatasi ni tatu: cheti cha mfumo kinachotaja kipimo cha uchovu kwa jina, ripoti ya kundi la uzalishaji wa mzigo ulioletwa, na orodha ya alama zilizomo sandukuni. Kazi za muda, nanga za miamba na sakafu za maghorofa zina masharti yake. Gharama za sampuli na idadi yake zimo katika mkataba. Mwenye shaka amwone mhandisi aliyesajiliwa anayesimamia kazi.

7. Maswali tunayoulizwa

*Kila mzigo unapimwa mara milioni mbili?* Hapana. Kipimo cha uchovu huuthibitisha mfumo. Mizigo inayofuata hukaguliwa vipimo vya umbo, ugumu wa chuma na alama, ili tuwe na hakika kwamba kilicholetwa ni ndugu wa kilichopimwa. Kwa hiyo anayesema tunamzuia siku tano kwa kila sanduku hasemi kweli. Mwenye karatasi sahihi hamalizi nasi siku nzima.

*Bomba la kebo likishajazwa uji wa saruji, si kebo imeshika bombani kote?* Uji uliojaa vizuri husaidia sana, maana huishika kamba urefu wote na kuipunguzia anka kazi. Lakini usipojaa, unaacha mfuko wa hewa na maji, mara nyingi karibu na anka. Mnamo 4 Desemba 1985 daraja la Ynys-y-Gwas huko Wales lilianguka ghafla kwa sababu kebo zake zilikuwa zimeliwa na kutu kwenye maungio. Kati ya mwaka 1992 na 1996 Uingereza ilisimamisha ujenzi wa madaraja mapya ya kebo za kujazwa uji, mpaka utaratibu uliporekebishwa. Tuseme kweli: lile lilikuwa kosa la kutu, si la uchovu. Tumelitaja kwa sababu kutu na uchovu wanafanana tabia. Wote wawili hufanya kazi gizani, na hawapigi hodi.

*Mbona madaraja ya zamani yamesimama?* Mengi yamesimama kwa sababu aliyeyajenga hakuchanganya.

*Nitajuaje kama ninyi hamkupewa kitu?* Uliza. Daftari la ukaguzi liko kwa mhandisi wa mradi, na kila sanduku lina mstari wake. Tunasema bila kujisifu sana kwamba tumerudisha masanduku yaliyoletwa na watu wakubwa, na tutaendelea kuyarudisha.

8. Neno la mwisho kwa fundi

Mhandisi anaona michoro na sisi tunaona karatasi. Wewe peke yako ndiye unayeishika kabari mkononi kabla haijaingia tunduni, na ikishaingia hakuna atakayeiona tena kwa miaka mingi. Igeuze. Soma alama. Ilinganishe na alama ya kichwa cha anka. Zikitofautiana, iweke chini na umwite msimamizi, na asiposikia, tuite sisi. Hakuna fundi atakayepoteza kibarua kwa ajili ya kusimamisha jeki. Usichanganye.