Bukoba hadi Mwanza kwa Meli, Ukiwa Peke Yako

Sisi wa Karatu maziwa tunayo, ila si ya kupanda meli. Eyasi kiangazi hukauka ukabaki unakanyaga magadi, na ziwa la ndani ya kreta tumewaachia heroe. Ziwa Victoria ni kitu kingine: kilomita za mraba kama 68,800. Sakafu ya kreta ya Ngorongoro ni kama 260, kwa hiyo ziwa lile lingemeza kreta zaidi ya 250. Ndilo unalolikata usiku kucha, na wengi wetu huku kuogelea hatujui. Mimi pia sijui.

Bukoba huwa nafuata soko la vitunguu vya Mang'ola. Kurudi Mwanza basi lipo, tena tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna kusubiri kivuko. Bado napenda meli, kwa kuwa nalala na mzigo unakwenda nami. Ninayoijua ni New Victoria, meli ya tangu miaka ya 1960 iliyokarabatiwa ikarudi majini 2020. Inabeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo.

Ukiwa peke yako, usibanie pesa kwenye tiketi. Kata ya kulala. Daraja la tatu lina stori tamu na wasafiri wakarimu, lakini ukisinzia nani atakuangalizia begi? Ukienda chooni je? Tiketi kata mapema, ofisini au dirishani bandarini, kitambulisho mkononi. Achana na vijana wa getini. Mkungu wa ndizi na magunia yapimwe, upewe risiti. Simu, hela na dawa vikae mwilini.

Ukishapanda, kabla ya kutafuta chai, zunguka. Maboya ya kujiokolea yako wapi? Ngazi ya kutokea juu ni ipi? Muulize baharia akuonyeshe boya linavyofungwa. Hatakucheka, na akicheka, acheke. Ni kwenye njia hii meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ikikaribia Mwanza. Mamia walikufa. Ukiona chombo kimefurika, shuka. Nauli utaitafuta tena.

Meli ikitoka Bukoba hupitia Kemondo, na hapo ndipo kelele za upakiaji zinapomshinda mwenye usingizi mwepesi. Baada ya hapo ni giza na upepo. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo unavuma kutoka kila pwani kuelekea katikati, hewa yenye unyevu inapanda, radi zinaanza. Ndiyo maana dhoruba za ziwa hili hupenda usiku na alfajiri. Kula kidogo, lala chali, na kama tumbo linageuka toka nje utazame mbali. Jaketi la Karatu litakufaa, usiliache eti unakwenda kwenye joto.

Asubuhi ukiona mawe makubwa yamebebana, umeingia Mwanza. Usigombanie ngazi, wenye haraka watangulie. Kurudi Karatu, njia ya kupitia Serengeti ni fupi, ila abiria hulipa kiingilio cha hifadhi na cha Ngorongoro pia. Mimi huchukua bajaji hadi stendi ya Nyegezi, nikapanda basi la kupitia Singida na Babati, nikashukia Makuyuni kusubiri gari la nyumbani.