Kuvu katika Vyumba vya Uso

Ndani ya mifupa ya uso wetu kuna vyumba vidogo vyenye hewa: vingine chini ya macho, vingine juu, vingine katikati. Vyote vina mlango wa kutokea puani. Kila siku tunavuta hewa yenye mbegu za kuvu, ile inayoota juu ya mihogo yenye unyevu na majani yaliyooza. Kwa watu wengi mbegu hizo hazifanyi neno. Kwa wengine zinakaa na kuota.

Watu husema tu, “Ana ugonjwa wa pua.” Jina hilo halitoshi. Munganga anauliza kwanza: Je, kuvu imeingia nyamani, ama inakaa chumbani tu?

Pengine inakaa tu, ikijikusanya kuwa donge katika chumba kimoja, mara nyingi cha shavu. Zamani wengine waliliita misetoma, wakachanganya watu bure, maana misetoma ni ugonjwa mwingine, ule wa mguu unaovimba na kutoboka. Munganga akiliondoa donge lote, mgonjwa hupona. Pengine tena mwili unaikataa kuvu: ute mzito kama gundi unajaa, na vinyama laini vinaota puani. Namna hii ilianza kutambuliwa katika miaka ya 1970 na 1980.

Lakini kuvu ikiingia nyamani, ni neno lingine. Iko ya polepole, ya miezi mingi. Moja inaonekana sana Sudani, India na Pakistani, hata kwa watu wenye nguvu, nayo husukuma jicho nje. Na iko ya haraka, ndiyo ya kuogopa. Inashika hasa wenye ugonjwa wa sukari usiotunzwa au kansa ya damu. Inaziba mishipa ya damu, nyama inakufa na kuwa nyeusi, na mtu anaweza kufa kwa siku chache. Mwaka 2021, wakati wa COVID-19, watu zaidi ya 40,000 waliugua kuvu ya haraka katika India.

Sasa mwaona kwa nini tunashindania majina. Dawa ya kortizoni humsaidia yule ambaye mwili wake unaikataa kuvu. Kwa mwenye kuvu nyamani, dawa hiyo hiyo inaipa kuvu nguvu. Kwa hiyo munganga hukata kipande kidogo cha nyama, akakitazama kwa mikroskopi. Msinunue vidonge sokoni kwa kukisia.

Katika misitu ya Afrika, hata Kongo, iko namna nyingine isiyoingia vema katika hesabu hii. Pua, midomo na mashavu yanavimba polepole na kuwa magumu, bila maumivu mengi. Uso unageuka hata jamaa wanasema amelogwa. Hakulogwa. Ni kuvu ya udongo na majani, haiambukizi mtu kwa mtu, nayo hutibiwa kwa vidonge vya miezi mingi.

Mwenye ugonjwa wa sukari akiona shavu limekufa ganzi, jicho limevimba, anaona vitu viwili viwili, ama weusi puani au juu ya kinywa, aletwe hospitali siku ile ile, hata usiku.

Maulizo
1. Munganga anauliza neno gani kwanza?
2. Kwa nini kortizoni husaidia mmoja na kudhuru mwingine?
3. Katika nyumba yako, nani ana ugonjwa wa sukari, naye amesikia dalili hizi?