Ukienda Darasani Kufundisha Habari za Pesa

Mdogo wangu wa Soweto, Mbeya, ujumbe wako nimeupata. Wewe ni mhasibu, Ijumaa mchana unapata nafasi, na unataka kuitoa bure kwa sekondari ya jirani ukafundishe habari za pesa. Kinachokutia hofu ni kimoja: utamwambiaje mtoto aweke akiba wakati hela ya daftari hana?

Usimwambie. Wengi wanaojitolea huingia na hotuba ya akiba, wakatoka wamewaachia watoto aibu ya hali ya nyumbani kwao. Anza na pesa wanayoiona ikipita. Mtoto wa Uyole ameshaona gunia la viazi likishonewa lumbesa, baba yake akalipwa bei ya gunia moja. Chora gunia ubaoni: debe sita bila lumbesa, debe nane likiwa nayo. Waulize debe mbili zimeliwa na nani. Hapo hata anayesinzia dirishani atanyoosha mkono.

Halafu waulize nani mama yake yuko kwenye VICOBA. Mikono itakuwa mingi. Wengi wameliona lile sanduku la kufuli tatu, funguo zake zikikaa kwa watu watatu tofauti. Waache waeleze wenyewe kwa nini haiwi kufuli moja. Wakimaliza kubishana, watakuwa wameshakufundishia nusu ya somo la uaminifu wa fedha: kwamba mfumo mzuri haumpi hata mtu mwema nafasi ya kujaribiwa. Kutoka kwenye hisa za akina mama unaingia kwenye riba bila kuvuka mlima wowote.

Na kwenye riba, mdogo wangu, usiwe na haraka. Mikopo ya kausha damu imevunja ndoa na kuondoa vitanda vyumbani, na hao watoto wamelala nyumba hizo. Weka hesabu ubaoni: mtu amekopa shilingi 100,000, mwezi ukiisha anadaiwa 130,000. Sasa weka pembeni ukomo wa Benki Kuu kwa wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana, asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani shilingi 3,500. Acha namba hizo mbili zikae ubaoni, 30,000 na 3,500, wanakili. Waambie pia kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na mkopeshaji anayekataa kuonyesha leseni si wa kukimbiliwa. Jioni yupo atakayemsimulia mama yake.

Utapeli wa simu wanaujua kukuzidi. Anza tu, "Ile hela itume kwenye namba hii," darasa zima litamalizia kwa kicheko. Ila wasimulie na DECI, ule upatu wa mwaka 2009, kwa sababu wakati huo wengi wao walikuwa hawajazaliwa. Watu wazima, wengine waumini wazuri kabisa, walipanda mbegu wakisubiri kuvuna, na pesa ya aliyetangulia ilikuwa inatoka mfukoni mwa aliyefuata. Michezo ya aina hiyo inarudi kila siku kwa majina mapya, sasa inapita WhatsApp.

Kuhusu utaratibu: andika barua kwa mkuu wa shule, nakala kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri. Omba kipindi cha klabu, usile muda wa kidato cha nne wanapokaribia mtihani wa taifa. Mtaala mpya wa 2023 umeiweka biashara katika masomo ya lazima ya sekondari, kwa hiyo mwone mwalimu wa somo hilo, uwe msaidizi wake. Abaki darasani na wewe. Na zungumza Kiswahili; vitabu ni vya Kiingereza, lakini deni hudaiwa kwa Kiswahili. Fulana ya benki iache nyumbani, wala usichukue namba ya simu ya mwanafunzi hata mmoja.

Ukitaka mfano wa karibu, angalia mkoani Iringa. Mabinti waliosomeshwa kwa msaada wa CAMFED wanarudi sekondari za kwao kujitolea na programu ya Dunia Yangu Bora. Wanaweza kupata mkopo wa biashara usio na riba ya fedha, na riba yake wanailipa kwa huo utumishi wao shuleni. Ninachokipenda zaidi kwao ni kwamba wanarudi tena na tena, hadi wanafunzi wanawazoea. Mgeni wa siku moja watoto humpigia makofi, wakamsahau kabla ya kengele ya chakula.

Kwa hiyo kama huwezi kutoa muhula mzima, subiri hadi uweze. Na kipindi kikiisha usikimbilie daladala. Atakuja mmoja, pengine binti wa bweni aliyekula nauli ya likizo, au ambaye nyumbani kwao wamekuja kuchukua ng'ombe kwa deni. Msikilize hadi mwisho, usitoe pesa yako, umpeleke kwa mwalimu wa malezi mkiwa mmeongozana.