Giaboksi Mpya, Gari la Zamani: Hesabu Meno Kabla ya Kutoa Hela

Wenzangu wa ualimu wa fizikia mtanielewa nikisema kuna mada unaifaulu kwenye mtihani halafu inakuja kukukamata mtaani. Mimi ilinikamata likizo iliyopita, Morogoro, kwenye gereji ya chini ya mwembe, mbele ya Corolla ya mjomba.

Corolla hiyo ni ya mwaka 1988, ina gia nne, na ndiyo teksi inayolipa sehemu ya ada yangu. Gia ya pili ilikuwa inaruka: ukiachia leva tu, inarudi huru. Fundi akafungua, akakuta meno yameliwa. Giaboksi kama ile ikatafutwa, haikupatikana. Mwishowe mjomba akauziwa ya mtumba, ya gia tano, kutoka kwenye Corolla ya miaka ya 1990, pamoja na shafti zake mbili. Shilingi laki nne na nusu, hela tuliyoitenga kwa ajili ya mazoezi yangu ya kufundisha.

Kabla ya kulipa, mjomba alinigeukia. "Mjomba, wewe si ndiye unasoma fizikia? Itaingia hii?"

Nikajibu itaingia. Sikuwa nimepima kitu chochote.

Faida ya gia ya tano

Kwenye hesabu nilikuwa sawa. Tuseme gia ya nne ina uwiano wa 1.0 na difu ina uwiano wa 4.0. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, gurudumu linazunguka mara 750. Tairi lenye mzingo wa mita 1.8 litakwenda mita 1,350 kwa dakika, yaani kilomita 81 kwa saa. Sasa weka gia ya tano yenye uwiano wa 0.8, difu ibaki ileile. Kwa mwendo uleule wa kilomita 81, injini inahitaji mizunguko 2,400 tu. Inapumua, kelele zinapungua, na kwenye safari ndefu hata mafuta unayaokoa.

Hesabu hiyo niliipiga mchangani kwa kijiti, mafundi wakanisifu. Ila haikusema lolote kuhusu kilichokuja kutushinda.

Shafti ina ncha mbili

Corolla ya umri huo huvutwa na magurudumu ya mbele. Haina propela ndefu ya kupita chini ya gari. Difu imo ndani ya giaboksi, na kutoka hapo zinatoka shafti mbili, kila moja kwa gurudumu lake. Ncha ya ndani inaingia kwenye giaboksi, ya nje inaingia kwenye habu ya gurudumu. Zote mbili zimechongwa meno.

Kwenye kila ncha kuna kiungo kinachokunja, mafundi wanakiita sivi jointi. Cha nje kina gololi sita ndani ya kikombe. Muundo huo ulibuniwa miaka ya 1920 na Alfred Rzeppa, mhandisi wa Marekani. Kazi yake ni kupitisha mzunguko bila kusitasita hata ukikata kona. Cha ndani kwenye magari mengi kina roli tatu zinazoteleza, kwa sababu gurudumu likipanda na kushuka kwenye mashimo, umbali kati ya giaboksi na habu hubadilika.

Hapo ndipo tulipokwama. Giaboksi ilikaa vizuri kwenye injini, boliti zote zikakutana na matundu yake. Shafti mpya zikaingia kwenye giaboksi bila shida. Kuja kwenye habu, zikagoma. Tukahesabu meno: za mpya zilizidi matatu. Tukajaribu shafti za zamani: kwenye habu zinaingia, kwenye giaboksi hazishiki.

Fundi akatoa suluhisho la haraka: kata zote, unganisha nusu ya ndani ya mpya na nusu ya nje ya zamani, piga weldingi. Mjomba akanitazama. Kiukweli nilikuwa na cha kusema, maana nilijua kwamba chuma cha shafti huimarishwa kwa joto maalumu, na weldingi huharibu uimara huo pembeni ya mshono. Nilijua pia kwamba gia ya kwanza ikiwa 3.5 na difu 4.0, msokoto wa injini unazidishwa mara 14 kabla ya kugawanywa kwa magurudumu mawili. Lakini nilikuwa nimeshakosea mara moja mbele ya watu, nikanyamaza.

Siku ya nne shafti ya kulia ikakatika pale penye mshono, mjomba akiwa anaondoka kwenye kilima. Injini inalia, gari halivuti, kwa sababu difu hupeleka mzunguko upande uliolegea. Baya zaidi, gari likaanza kurudi nyuma. Shafti ikishakatika, hata ukiacha gari kwenye gia halishikiki. Breki ya mkono ndiyo iliyomwokoa. Abiria hakuwepo, Mungu mkubwa.

Tulivyotengeneza

Tulienda kwa fundi mwingine, mzee mwenye kalipa yake mfukoni. Alifungua shafti nyingine za mtumba, akatoa kikombe cha ndani na roli zake kutoka shafti za giaboksi mpya, akaangalia kama meno ya roli yanakubali mhimili wa zile za zamani. Yakakubali. Ndani mpya, nje ya zamani, katikati hakuna mshono. Kisha akashusha gari, likakaa juu ya magurudumu yake, akahakikisha kiungo cha ndani kimebaki na nafasi ya kuteleza pande zote. Shafti ikiwa ndefu inagandamiza giaboksi. Ikiwa fupi inachomoka.

Ukitaka kufanya kazi hii, pima haya kabla ya kulipa:

1. Soma kibao cha gari chini ya boneti. Kwenye Toyota kinaandikwa aina ya injini na ya giaboksi.
2. Linganisha matundu ya boliti ya giaboksi na ya injini, pamoja na maunti.
3. Hesabu meno ya sahani ya klachi na ya mhimili unaoingia humo. Angalia pia kama klachi inavutwa kwa kebo au inasukumwa kwa maji.
4. Hesabu meno ya shafti ndani na nje, kisha pima urefu.
5. Angalia leva ya gia na kebo ya spidi kama vinafika.
6. Nunua sili mpya za oili zinazolingana na shafti utakazotumia.
7. Fundi akitaja weldingi kwenye shafti, chukua gari lako uondoke.

Teksi imerudi barabarani. Ukarabati wa pili ulikula laki mbili nyingine, na mazoezi ya kufundisha nitayafanya shule ya jirani na nyumbani ili nisilipe chumba. Kile kipande kilichokatika nilikiomba, kipo chini ya kitanda hapa hosteli. Nikifika kwenye mada ya mashine nitakipeleka darasani, na kabla ya kuandika fomula yoyote ubaoni nitawaambia wanafunzi wahesabu meno.