PUMU YA FARASI

Farasi akikohoa mara mbili tatu aanzapo kazi, mtunzaji wake aghalabu hudhani ni jambo dogo. Akipunguza mwendo na kutweta, huitwa mvivu na pengine hupigwa. Kumbe huenda mnyama huyo ana pumu, na pumzi haimtoshi.

Pumu si ugonjwa wa kuambukiza. Huletwa hasa na vumbi na ukungu uliomo katika majani makavu ya chakula na mabua ya kulalia. Farasi afungwaye katika banda lisilopitisha hewa huvuta vumbi hilo usiku na mchana, hata njia za pumzi zikavimba, zikajikaza na kujaa makohozi.

Dalili zake ni hizi. Farasi mzima aliyepumzika huvuta pumzi mara 8 mpaka 16 kwa dakika. Mwenye pumu kali huzidisha hesabu hiyo. Mianzi ya pua hupanuka ijapokuwa amesimama tu, na tumbo husukuma kwa nguvu atoapo pumzi. Muda ukipita, misuli hiyo hukua hata mstari ukaonekana chini ya mbavu. Kwa kawaida hana homa. Akiwa na homa, yamkini ni ugonjwa mwingine. Na atengwe mpaka daktari wa wanyama amtazame. Daktari huweza kupitisha mrija puani na kuosha sehemu ya pafu kwa maji ya chumvi, ili chembe zitokazo zipimwe kwa hadubini.

Matunzo huanzia bandani. Majani yenye ukungu yatupwe. Majani mazuri yaloweshwe katika maji safi kwa nusu saa, yaliwe kabla hayajakauka, na maji yaliyobaki yamwagwe. Maranda yasiyo na vumbi yatandikwe badala ya mabua, na banda lifagiliwe farasi akiwa nje. Ghala ya majani iwe mbali. Afadhali zaidi akae malishoni, isipokuwa yule ambaye daktari ameona hudhuriwa na malisho yenyewe.

Daktari anazo dawa za kupunguza uvimbe na za kufungua njia za pumzi. Lakini dawa bila kuondoa vumbi ni kuteka maji kwa pakacha. Pumu kali haiponi kabisa, hutulizwa tu. Farasi aliyekwisha kupata nafuu, akilishwa majani yenye vumbi, aweza kuanza tena kutweta baada ya saa chache au siku chache. Kwa hiyo uzima wake umo mikononi mwa yule ashikaye ufagio na ndoo kila asubuhi.